Nabali na Kibuyu cha Gidabuday

Gendabi, 18 Januari 1981

Theodory,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, na hilo si habari mpya. Mahindi yamefika gotini. Maharage ya upande wa bondeni yameliwa na wadudu. Baba yako mdogo Severine amepewa trekta jipya kule shamba la ngano, na sasa anatembea kama amelizaa yeye. Sabuni hakuna. Sukari tuliiona Krismasi, tangu hapo hatujaonana nayo. Anayeniandikia ni jirani yetu Perpetua, yule anayesoma somo kanisani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Umeona sikukuita mume wangu hapo juu. Tangu ukiwa mtoto nakuita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, na leo sikuiti. Unajua kwa nini. Kama hujui, nitakwambia.

Siku ya Krismasi Padre alichelewa, na katekista akakupa nafasi useme na watu, kwa kuwa wewe ni mtu wa seminari. Nilikaa mbele kabisa nikusikie. Ukasema Wayahudi wa kale wana neno lao, nabali, maana yake mpumbavu, na kwamba mpumbavu huyo si mtu asiyejua, ni yule aliyesikia habari za Mungu akazikataa. Sawa. Halafu ukanyoosha mkono kuelekea mlangoni. Ukasema, "Hatuna haja ya kwenda Uyahudi kumtafuta. Wapo waliokaa karibu na kanisa hili miaka ishirini na hawajavuka kizingiti." Watu wote wakageuka. Aliyesimama mlangoni ni Gidabuday.

Alikuja kuniletea mimi maziwa ya sikukuu. Kila mwaka analeta. Kiswahili chake si kingi, lakini neno mpumbavu analijua vizuri, maana ndilo anaitwa kila ng'ombe wake wanapokanyaga karibu na ngano. Aliweka kibuyu chini pale kizingitini, akaenda zake. Watu wakacheka. Na wewe ulicheka, Theodory. Nilikuona meno.

Kibuyu kiko kwangu ukutani. Nimekiosha, nimekifukiza moshi kama inavyotakiwa, na siwezi kukirudisha. Kibuyu cha mtu hakirudi kitupu, na kwa tusi lile mimi sina cha kukijazia. Utakirudisha wewe. Utakwenda kwake kwa miguu, na utaomba radhi kwa mdomo uleule.

Uliondoka kesho yake na lori bila kuniaga. Hilo nalo nimeliweka.

Bibi yako,
Bernadina


Seminari Kuu, 27 Februari 1981

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata juzi, imelala njiani zaidi ya mwezi. Mimi ni mzima. Huku mvua ni nyingi na chakula ni kilekile cha kila siku. Poleni na maharage. Baba mdogo mpe hongera ya trekta.

Bibi, umekasirikia jambo ambalo hukulielewa, nami sikulaumu. Acha nikueleze taratibu. Katika Kiebrania mpumbavu hana neno moja. Kuna peti. Huyu ni kama mlango ulio wazi: kila kinachopita kinaingia, kizuri na kibaya. Hana ubaya, hajafundishwa tu. Kuna kesili, mtu aliyenenepa moyo. Anajiona yuko salama, hasikii la mtu. Kuna ewili, mbishi. Ukimwonya, anayageuza maonyo yako kuwa ugomvi. Halafu ndiyo nabali, yule wa zaburi, asemaye moyoni mwake kwamba Mungu hayupo. Mimi nilikuwa nafundisha. Mwalimu akitaja wezi, na mtu mmoja akashika mfuko wake, kosa ni la mwalimu?

Yule Mang'ati alikuja mwenyewe kusimama mlangoni, sikumwita. Na tuseme ukweli, mazoea yake kwetu yamezidi. Anaingia zizini anapapasa ng'ombe mmoja mmoja kama zizi ni lake. Baba mdogo ameniambia askari wa shamba wamewahi kuuliza kama tunaficha ng'ombe wa Mang'ati. Wewe kwa wema wako unamfungulia kila mtu. Sikutukani, lakini kama katika yale maneno manne kuna linalokufaa, ni lile la kwanza, na hilo si dhambi. Ni kukosa shule.

Sasa habari njema. Nitapewa upadre Jumapili tarehe 13 Desemba, Mbulu. Kwa karamu nimechagua lile dume jekundu. Nililiona Krismasi, limenona vizuri. Naomba lisiguswe mpaka siku hiyo. Na jambo moja zaidi, ambalo ni kubwa kwangu kuliko dume. Kabla sijaingia kanisani, unipulizie maziwa kifuani, kama ulivyofanya siku ile nilipokwenda shule mara ya kwanza. Sitaki kumfikia Askofu kabla sijapata baraka hiyo.

Mjukuu wako akupendaye,
Theodory


Gendabi, Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1981

Theodory,

Salamu. Goti bado. Mvua imekuja kwa fujo, imeondoka na choo cha Perpetua, kwa hiyo sasa anatumia changu na tunaonana zaidi ya ndugu. Severine na trekta lake wamelima ile njia ng'ombe waliyokuwa wakipita kwenda kwenye maji na chumvi. Aliambiwa alime, akalima. Gidabuday amehama na kundi lake, amekwenda mbali kupita Getanuwas. Na unamwita Mang'ati. Ana jina. Ulikuwa unalijua kabla hujajua kusema maji.

Nimesomewa maneno yako manne. Nilimwambia Perpetua arudie, nikayashika moja moja kama mtu anayechagua mbegu.

Mlango ulio wazi. Ndiyo, wa kwangu uko wazi. Mama yako Philomena aliingia kwa mlango huo akiwa na mimba yako, miguu imevimba, na baba yako Tadei ameshakwenda zake kwenye mkonge, mpaka leo hajarudi. Sikumuuliza kitu. Ningekuwa na shule ningemuuliza. Basi ungezaliwa barabarani, msomi.

Mbishi. Hilo ni langu, nalichukua. Liandike jina langu juu yake.

Moyo ulionenepa. Hilo sikulipata humu ndani. Severine amekonda, Perpetua amekonda, mimi ni mifupa na ukali. Lizungushe huko huko seminari, utapata mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima raha. Perpetua akakumbuka kwamba ndani ya Biblia yupo mtu mzima anayeitwa hivyo, Nabali, tajiri wa kondoo. Nimemfanya anisomee habari yake yote, Ijumaa Kuu na tena jana. Sasa nakuuliza wewe unayeijua lugha yao. Huyu Nabali kosa lake lilikuwa nini? Alisema wapi kwamba Mungu hayupo? Mimi jibu nimelipata. Nataka kulisikia kwako.

Dume jekundu haliendi popote. Usiniulize kwa nini. Kuna mambo ambayo mdomo wangu hauna ruhusa nayo.

Na maziwa ya kukupulizia, sina. Ng'ombe wanakamuliwa asubuhi na jioni, na sina.

Bernadina


Seminari Kuu, 12 Juni 1981

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima.

Sikuja seminari ili nipewe mtihani na Perpetua. Nabali wa kitabu cha Samweli alikuwa mchoyo na mlevi, na habari yake haihusiani kabisa na tulilokuwa tunazungumza.

Kuhusu dume, nimemwandikia Baba mdogo. Yeye ndiye mwanaume wa nyumba sasa. Amekubali, na mwezi wa nane atalipeleka Mbulu likae kwa rafiki yake mpaka siku ya karamu. Kwa hiyo hilo limekwisha.

Gambera, mkuu wa seminari yetu, atakuja, na walimu wawili, na wenzangu wanane. Naomba siku hiyo yule mtu asionekane mlangoni na shuka lake na fimbo yake na harufu ya samli. Wewe hujui maana ya kukaa mezani na watu wakakuuliza, wakicheka, kama ni kweli kwenu mnaishi na watu wa mikuki. Nimejibu swali hilo miaka saba. Nimechoka.

Kama hutaki kunibariki, Askofu ana mikono.

Theodory


Gendabi, 30 Agosti 1981

Theodory,

Hujambo. Tumevuna, si haba. Perpetua amepata choo chake. Goti limehamia kulia.

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilikuwa namsubiri Gidabuday. Nilimtumia ujumbe mara tatu, na kwa mvurugiko huu wa njia amefika juzi tu. Nilikuwa nataka ruhusa yake ya kukwambia jambo. Sasa kaa chini, na kama umeshakaa, kaa vizuri.

Kwanza, dume. Severine alikuja na kamba. Alinikuta nimeweka kigoda changu katikati ya mlango wa zizi. Akasema, "Mama, toka hapo."

Nikamwambia, "Mimi ndiye niliyekutoa wewe, na leo unaniambia nitoke?"

"Mama, Theodory ameandika."

"Theodory anaandika sana."

Alisimama na kamba yake mpaka jua likamchoma, akaiviringisha, akarudi kwenye trekta. Dume liko.

Pili. Mwaka uliozaliwa ndigana iliingia huku. Ng'ombe wangu saba walikufa wote, mmoja baada ya mwingine. Mama yako akawafuata, wewe ukiwa na siku tisa. Ulikuwa mdogo kama panya. Nilikuwa nakukamulia maji ya uji kwa kitambaa, na ulikuwa unayatapika. Gidabuday alikuwa anapita na kundi lake akasikia kilio chako. Alisimama nje akauliza kuna nini. Nikamjibu vibaya, maana siku zile nilikuwa mkali kuliko sasa. Akaenda. Kesho yake akarudi na ng'ombe mwekundu na ndama wake, akawaingiza katika zizi langu tupu. Akasema, "Akae hapa." Basi.

Unajua kwetu na kwao ng'ombe huwekwa kwa rafiki. Aliyewekewa anakunywa maziwa, na kila anayezaliwa ni wa mwenyewe. Na haisemwi. Husemi ni wa nani, hata kwa watoto wako, ili ugonjwa ukija, au mtu wa wivu, au karani wa kuhesabu, asijue kundi la mtu limelala wapi. Siku itakaposemwa, ng'ombe wanarudi kwao. Ndiyo ilivyo, sikuitunga mimi. Babu yako aliingia kaburini nayo. Severine amelima njia ya ng'ombe wale na hakujua anamlimia nani. Nimemwambia leo asubuhi. Chai yake imepoa, hajaigusa.

Kwa hiyo ng'ombe kumi na mmoja walioko zizini wote wametoka katika tumbo la yule mwekundu. Dume lako lililonona ni kitukuu chake. Sisi hatuna ng'ombe, Theodory. Hatujakuwa naye hata mmoja tangu umezaliwa. Ulipokwenda seminari ndogo, blanketi lako na sanduku lako vilitoka kwenye dume la Gidabuday. Nilimwomba, akasema, "Aende." Halafu wewe unaniandikia kwamba anawapapasa kama wake.

Sasa Nabali. Perpetua amenisomea mara ya tatu, koo limemkauka. Mtu yule alikuwa anakata manyoya ya kondoo zake, anakula na kunywa. Daudi na watu wake, waliokuwa wamemlindia kondoo nyikani, usiku na mchana, wakatuma watu kwake siku ile ya sikukuu, wakaomba chochote. Naye akasema, "Daudi ni nani?" Hilo ndilo kosa lake. Sikusikia popote alipomkana Mungu. Alimkana mtu aliyemtunzia uhai wake. Labda kwa Wayahudi hilo ni kosa moja, ndiyo maana wana neno moja. Wewe ndiye msomi.

Lakini Gidabuday siku ya sikukuu hakuja kuomba. Alikuja kuleta. Basi niambie, siku ile ya Krismasi Nabali alikuwa amesimama mlangoni, au alikuwa amesimama mbele?

Nilipomwomba ruhusa alichorachora chini kwa fimbo. Mwishoni akasema, "Mwambie. Nataka ajue alichokunywa."

Nimekwambia, kwa hiyo ng'ombe wataondoka. Shule yako hiyo ndiyo imekuwa ghali kuliko zote.

Mbulu siji. Kibuyu kikiwa bado ukutani kwangu, sikupulizii. Na usinitishe na mikono ya Askofu. Mikono yake haikukuosha.

Bernadina


Seminari Kuu, 4 Oktoba 1981

Bibi,

Shikamoo. Karatasi hii ni ya tano, nne nimezichana.

Nimekasirika. Umekaa kimya miaka ishirini na saba, ukaniacha nikue nikihesabu ng'ombe wa mtu kama wetu, ukaniacha nisimame mbele ya watu nikiwa sijui. Nabali alikuwa na watumishi waliojua, na walisema. Mimi nani aliniambia? Ruhusa, desturi, sawa. Lakini mimi ndiye niliyetukana, na wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele na jibu lote mdomoni.

Hilo nimelisema. Sasa hili.

Sikuelekeza mkono mlangoni kwa bahati mbaya. Nilimwona tangu anafika. Na nyuma yake nilimwona Padre anashuka kwenye pikipiki. Nilitaka Padre ajue kwamba mimi siko upande wa yule mtu. Kiebrania kilikuja baadaye. Ningetumia lugha yoyote ile.

Mwenye moyo ulionenepa nimempata huku huku, kama ulivyosema.

Nitafika tarehe 14 Novemba. Usinipikie chochote. Kibuyu kinajazwa nini?

Theodory


Gendabi, Jumapili 6 Desemba 1981

Theodory,

Natumaini huko Mbulu kwenye mafungo wanakupa nafasi ya kusoma barua. Sisi hatujambo. Perpetua anakusalimu, na anasema hataki kusoma tena habari za kondoo.

Ulirudi kutoka kwa Gidabuday, ukachukua begi, ukasema, "Nimefika," ukaenda zako Mbulu. Neno moja tu, kwa bibi aliyekulea. Ikabidi nimvizie mke wa Gidabuday gulioni, naye amenieleza yote, na chumvi amenunuliwa na mimi.

Anasema ulifika miguu imepasuka. Kwenda kwanza mpaka Endasak kutafuta asali ya kujaza kibuyu, halafu kule, kwa viatu vile vya seminari, kwamba itapasuka hata mimi ningekwambia. Anasema ulikaa nje ya boma. Gidabuday akatoa ng'ombe, akapita karibu yako kama anapita kisiki. Jioni akarudi, akapita tena. Siku ya pili hivyo hivyo. Anasema hukuomba hata maji, watoto walikuwa wanakutazama kama mnyama aliyepotea. Siku ya tatu akasimama mbele yako. Akasema, "Unataka nini?"

Ukasema, "Mpumbavu ni mimi."

Akasema, "Najua. Nimekulea."

Mke wake anasema hapo ndipo ulipolia, na mzee akachukua kibuyu, akaingia nacho ndani, akakuacha na kilio chako. Hakukukaribisha. Na mimi nisingekukaribisha.

Jumanne alikuja na watoto wake wa kiume, akachukua ng'ombe wote, kumi na mmoja, dume jekundu likiwa mbele. Hakuwa na hasira. Limeshasemwa, basi wanarudi kwao. Walipofika pale njia ilipolimwa, Severine alikuwa anakuja na trekta. Alizima injini. Akashuka, akasimama pembeni na kofia mkononi mpaka wa mwisho amepita juu ya lile shamba. Msimamizi wake alikuwa anapiga kelele kutoka mbali. Sijui kama kazi bado anayo. Hajasema, na mimi sijauliza.

Nimefagia zizi. Limekuwa kubwa kama uwanja. Kwa hiyo karamu yako ni maharage na ugali. Gambera ale maharage.

Jana asubuhi nimefungua mlango, nikakuta kibuyu kizingitini. Kizito. Hakupiga hodi, lakini nyayo zake nimeziona kwenye tope, zinakuja na zinarudi. Nimeonja kwa kidole. Nimekamua ukoo wa yule mwekundu miaka ishirini na saba, ladha yake hainipotei.

Severine ameniombea nafasi kwenye lori la Ijumaa. Kibuyu nitakishika mapajani mpaka Mbulu, na atakayenisukuma atanitambua. Nitakukuta nje, mlangoni mwa kanisa, kabla hujaingia. Huyo Gambera asimame karibu aone, na wenzako wanane waone, na kama watauliza maziwa ni ya nani, utawajibu wewe, kwa sauti.

Juu vaa joho lolote watakalokupa. Ndani, mume wangu, vaa shati linalofunguka kifuani.

Bibi yako,
Bernadina